Usukani Siku Kumi, Gorila Saa Moja

Gari lilishuka kivukoni Rugezi likiwa na namba za Uganda, hema limekunjwa juu ya paa, madumu mawili ya dizeli yamefungwa kwa mipira ubavuni, na tairi la nyuma kushoto limelala. Ndani mlikuwa na mume na mke, Wajerumani wa makamo. Kijana wa bodaboda akawatangulia mpaka kwa fundi pancha hapa Nansio, Ukerewe. Mimi nilikuwa pale nimepeleka baiskeli, nikageuka mkalimani. Fundi akavua tairi, akatoa tyubu, akaipitisha polepole kwenye beseni la maji mpaka mapovu yakajitokeza, kisha akaingiza mkono ndani ya tairi na kuchomoa kwa koleo mwiba mrefu kama kidole changu cha mwisho. Akauinua juani. "Huu wa mgunga, mwalimu. Hawa wametoka Serengeti." Kweli walitoka Serengeti, na tangu Bunda walikuwa wakijaza upepo kila sheli, wakidhani ni valvu.

Kiraka kikiwa kinakauka, yule mama akanisimulia. Gari walilikodi Kampala, wakaenda Bwindi, wakarudi mpaka Masaka, wakavuka mpaka Mutukula, wakapita Bukoba, Biharamulo na Geita, wakalivuka ziwa kwa daraja jipya hadi Mwanza, ndipo wakaingia Serengeti kwa geti la Ndabaka. Siku kumi za usukani alizimaliza kwa maneno machache: vumbi, rasta, trafiki wenye tochi, twiga aliyesimama katikati ya njia. Lakini saa moja aliyokaa na gorila ilichukua muda wote wa kiraka kukauka, tairi likarudishwa, nati zikakazwa, naye bado hajafika mwisho. Kiraka kiligharimu shilingi 5,000. Saa ile iliwagharimu dola 800 kila mmoja.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwasikiliza kwa makini zaidi wageni wa namba za nje wanaofika hapa kisiwani, wachache kama walivyo. Wengi wao wanazunguka ziwa, na karibu wote wamepita kwa gorila au wanaelekea huko. Safari hizi mbili, ya kujiendesha na ya gorila, huzungumzwa kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi naziona zinavutana. Ya kwanza inauza uhuru: simama utakapo, lala ulipochoka, geuza njia ukisikia habari ya njia nzuri zaidi. Ya pili inauza kikomo: watu wanane, saa moja, hatua zimehesabiwa, mdomo umefunikwa. Gorila ndiye anayewavuta watu kutoka ng'ambo ya bahari. Usukani ndio unaozigawa fedha zao njiani mpaka kwa fundi wetu. Serikali za ukanda huu zimeifanyia kazi kubwa safari ya pili, na ya kwanza zimeiacha ijitegemee.

Nianze na usukani. Kusini mwa bara hili kujiendesha hifadhini ni jambo la kila familia. Kruger ina barabara za lami ndani kwa ndani, kambi zenye majiko ya nyama, na ramani zinauzwa dukani. Kwetu utalii ulijengwa juu ya kampuni. Mgeni hupokelewa uwanja wa ndege, hupandishwa gari lenye paa linalofunguka, na dereva aliyesomea kazi humpeleka mpaka siku ya kuondoka. Kazi hiyo inalisha familia nyingi za Arusha na Moshi, na madereva wale wana elimu isiyopatikana kitabuni. Anayejiendesha anaikosa. Nimesikia malalamiko yaleyale kwa wageni wengi: macho ya dereva yako kwenye makorongo, kumbe chui yuko juu ya tawi. Mwongozaji angejua, kwa jinsi swala walivyogeuza vichwa vyao vyote upande mmoja, kwamba kuna jambo kichakani. Wanaojiendesha huona wanyama wachache kuliko wenzao. Hilo hawalifichi. Wanachokithamini ni kwamba wale waliowaona waliwatafuta wenyewe.

Uhuru huo nao una mipaka yake. Serengeti inaruhusu gari binafsi, lakini kushuka Kreta ya Ngorongoro kunahitaji mwongozaji mwenye leseni, na ada ya gari kushuka huko ni dola 250 kabla ya kodi. Ndani ya Serengeti mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, gari lisitoke njiani, abiria asishuke ila mahali palipotengwa, na jua likizama kila mtu awe kambini. Getini hawapokei noti. Unalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo, na mtandao ukisumbua unakaa hapo ukihesabu nyani. Gari lenye namba za nje hulipiwa kwa dola kulingana na uzito wake, jambo linalowashtua wengi waliokodi Land Cruiser nzito Kampala wakiamini wamepata bei nafuu.

Halafu kuna udongo. Anayeingia kwa Ndabaka, geti lililo karibu na Lamadi kwenye barabara ya Mwanza na Musoma, anaingia ukanda wa magharibi unaofuata Mto Grumeti. Ni ukanda mzuri mno, na kati ya Mei na Julai nyumbu huujaza wakielekea kaskazini. Lakini ni udongo mweusi, ule tunaouita mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu, mvua ikinyesha unakuwa sabuni. Gari la magurudumu manne linateleza kama la mawili. Na mbung'o hawana huruma: wanaipenda nguo nyeusi na ya buluu iliyokolea, na mgeni hujua hayo akiwa ameshaivaa. Kutoka Ndabaka hadi Seronera ni safari ya saa nyingi, na ukipata pancha katikati utashuka garini sheria ikikuambia usishuke. Yule Mjerumani alibadili tairi Serengeti mara moja, mkewe akiwa juu ya paa na darubini akimlinda. Alilisimulia jambo hilo kwa sauti ya chini kuliko mengine yote.

Nje ya hifadhi anakutana nasi. Anakuta kibao cha 50 kijijini, trafiki na tochi chini ya mwembe, na faini ya shilingi 30,000 inayolipwa kwa namba ya malipo. Wageni wengi hufika hapa wakiwa wameshalipa mbili au tatu. Hawalalamikii sheria yenyewe. Kinachowachosha ni kibao cha kuanza kijiji kuonekana vizuri na cha kumaliza kutokuwapo, hivyo mtu anatambaa kilomita tano kwa hofu au anakimbia na kunaswa. Kuweka vibao hivyo kusingegharimu fedha nyingi.

Mpaka ni sura nyingine, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo Nansio inapopoteza wageni bila kujua. Tangu mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zina viza moja ya utalii: dola 100, siku 90, unazunguka nchi zote tatu. Tanzania haimo. Mgeni aliyeingia kwa viza hiyo akishuka Mutukula kuja kwetu analipa viza nyingine, dola 50 kwa wengi na 100 kwa Mmarekani, na akitoka nje ya zile nchi tatu viza yake ya pamoja inakoma. Kwa hiyo akirudi Kampala kurudisha gari, analipa tena. Duara la ziwa linakatika pale pale linapoingia upande wetu. Wasafiri wenye akili za hesabu huishia Masaka, wanageuza, wanakwenda Murchison, hukohuko Uganda. Sisi tunabaki na wale wenye moyo mkubwa au mkoba mkubwa.

Bima ina afadhali. Kadi ya Njano ya COMESA inatambuliwa hata Tanzania, ingawa nchi yetu haimo tena katika umoja huo, na anayekodi gari Kampala akiidai mapema hupewa. Jambo la hatari zaidi liko Rusumo. Ukivuka Mto Kagera kuingia Rwanda unahamia upande wa kulia wa barabara, huku usukani wako nao uko kulia. Kulipita lori la mafuta kwenye kona za Kirehe ukiwa umekaa upande wa mtaro ni kazi ya watu wawili: mmoja anaendesha, mwingine anachungulia na kusema sasa au bado. Wenzi wa ndoa wameniambia kwamba hapo ndipo walipojuana.

Barabara yenyewe imebadilika sana, na haki itendeke kwa kusema hivyo. Miaka ya nyuma magari yalipita mapori ya Biharamulo kwa msafara, askari wenye bunduki mbele na nyuma, kwa sababu ya majambazi. Leo ni lami, na pori lile lina jina jipya: mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Na tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji. Pale watu walisubiri kivuko saa mbili, wagonjwa wakiwa ndani ya magari. Sasa ni dakika chache.

Kwetu bado ni kivuko. Gari linalokuja Ukerewe linapita Bunda, linafika Kisorya na kusubiri zamu ya kuvushwa hadi Rugezi. Au mtu anaacha gari Mwanza na kupanda meli, mwendo wa saa tatu hivi. Wageni wanakipenda kivuko. Wanapiga picha za kuku, magunia ya dagaa na jua likichwea juu ya Ghuba ya Speke. Ni haki yao kufurahi. Ila mtu wa hapa hapandi chombo bila kukumbuka. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotengenezwa kubeba abiria 101, kilipinduka kikikaribia Bwisya, Ukara, kikitoka Bugolora siku ya gulio. Walikufa watu 228. Kabla ya hapo, Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza ikiwa na mamia ya watu. Nayataja haya kwa sababu anayejiendesha ndiye mgeni pekee anayesimama nasi kwenye foleni ile, anayetazama nasi mstari wa maji ubavuni mwa chombo. Anayeruka kwa ndege ndogo anaona bluu tu.

Sasa gorila.

Tanzania hatunaye. Tunao sokwe: Gombe, ambako Jane Goodall alianza kazi mwaka 1960, Mahale, na hapa ziwani kwetu, Kisiwa cha Rubondo. Sokwe wa Rubondo wana historia ya pekee. Kati ya 1966 na 1969 Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt waliwaleta sokwe waliokuwa wamefungwa katika bustani za wanyama za Ulaya, wakawafungulia milango. Wazao wao leo ni wanyama wa porini. Lakini mgeni aliyepanga safari yake kwa ajili ya gorila hupita barabara ya Chato bila kukata kona kwenda Muganza kutafuta boti ya Rubondo, na hilo siwezi kumlaumu. Gorila wa milimani anaishi sehemu mbili tu duniani: milima ya Virunga, inayogawanywa na Rwanda, Uganda na Kongo, na msitu wa Bwindi. Hesabu ya mwisho ilipata 604 Virunga na 459 Bwindi. Jumla 1,063. 

Na hao ni wengi kwa kulinganisha na zamani. Mwaka 1981 Virunga yote ilibaki na gorila 254. Dian Fossey, aliyeanzisha kituo cha Karisoke mwaka 1967 na kuuawa huko Desemba 1985, aliamini watalii wangewamaliza. Wenzake Bill Weber na Amy Vedder waliona kinyume: mwaka 1979, wakati Rwanda ilitaka kukata sehemu ya hifadhi iwe malisho, walipendekeza vikundi vidogo vya wageni wanaolipa. Mimi nikiitazama hesabu nasema wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Utalii uliwaokoa gorila kwa sababu uliwekewa masharti ambayo hofu ya Fossey ingeyakubali. Mwaka 2018 gorila wa milimani wakashushwa daraja moja katika orodha ya viumbe walio hatarini. Katika jamii za nyani wakubwa, hao peke yao ndio wanaojulikana kuongezeka.

Masharti yenyewe yana sababu za mwilini kabisa. Gorila anashika mafua yetu, na mafua yake yanageuka homa ya mapafu. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi walipatwa na upele, manyoya yakapukutika, mtoto mmoja akafa. Daktari wa mifugo Mganda, Gladys Kalema-Zikusoka, alipofuatilia alielekea kwenye mashamba ya jirani: nguo kuukuu zilizovishwa sanamu za kufukuzia wanyama, zilizotoka kwenye miili ya watu wenye upele. Kutoka hapo akafikia hitimisho ambalo naona ni kubwa kuliko kibali chochote: huwezi kumtibu gorila ukimwacha jirani yake bila zahanati. Mwaka 2003 akaanzisha shirika linalohudumia afya ya vijiji na ya gorila kwa pamoja. Barakoa ambayo mgeni anavaa leo, na mita 10 anazowekewa badala ya saba za zamani, zimetoka kwenye fikra hiyo, janga la Korona likazikazia.

Siku yenyewe inavyokwenda, kama yule mama alivyonieleza: saa mbili asubuhi wamekusanyika Buhoma, huko Bwindi, wanagawanywa wanane wanane. Watafutaji wameshatoka alfajiri. Wanaanzia pale gorila walipolala jana, kwa sababu kila usiku hujenga matandiko mapya, na wanafuata njia ya majani yaliyovunjika. Redio inaita. Kikundi kinapanda, panga mbele, askari mwenye bunduki nyuma, upupu ukipenya suruali. Alikodi mbeba mizigo, mwanamke wa kijiji cha pale, ambaye mara tatu alimshika mkono na kumvuta kutoka kwenye matope na mara zote tatu hakuonekana kuhema. Saa nne walitembea. Kisha mwongozaji akainua mkono, akakohoa koo kwa sauti nzito ya chini, sauti ya gorila ya kusema tuko salama, na kichakani kitu kikajibu vilevile.

"Vaeni barakoa," akasema. "Saa inaanza."

Dume lenye mgongo wa fedha lilikuwa limelala chali likichambua vidole vya mguu. Mtoto mmoja alijaribu kupiga kifua akapoteza mizani, akaanguka. Mama mmoja alimtazama, yaani yule gorila jike alimtazama huyu mwanamke wa Kijerumani, kwa muda unaotosha kumfanya ainamishe macho, kama unavyofanya kwa mtu mzima usiyemjua. Hapo sauti yake ilibadilika na mimi nikaacha kutafsiri; fundi mwenyewe alikuwa ameelewa. Alichokisisitiza ni kwamba askari alikuwa akitazama saa. Kwa siku zote za safari hiyo, hakuna aliyewahi kumwambia muda wako umekwisha. Hapa aliambiwa, na akatii, na anasema ndiyo maana anakumbuka kila dakika.

Bei ni sehemu ya ulinzi huo, na ni siasa pia. Mwaka 2017 Rwanda ilipandisha kibali kutoka dola 750 hadi 1,500 kwa siku moja. Uganda ilipanda polepole, 600, 700, na tangu Julai 2024 ni 800. Matokeo yake yanaonekana barabarani: mgeni anatua Kigali, anakodi gari, anapita Cyanika au Katuna, anamwona gorila upande wa Uganda na kurudi. Katuna ilipofungwa mwaka 2019 kwa ugomvi wa serikali mbili na kubaki hivyo mpaka Januari 2022, waliojiendesha ndio waliozunguka njia ndefu. Kongo ilikuwa nafuu kuliko wote, dola 400, na waliofika Virunga ya Rumangabo au Kahuzi-Biega, ambako waongozaji huongea Kiswahili fasaha, huisifu kuliko zote. Lakini askari wa Virunga wamezikwa wengi mno. Aprili 2020 peke yake 12 waliuawa kwa siku moja. Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, mjadala wa watalii ukawa si wa kuzungumzwa mbele ya watu wanaokimbia na magodoro vichwani. Hata Uganda haikusalimika: wageni wanane waliuawa Bwindi Machi 1999, na Oktoba 2023 maharusi wawili na mwongozaji wao Mganda waliuawa katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambayo wanaojiendesha huipita kwa njia ya Ishasha kwenda Bwindi. Ushauri wangu kwa kila anayeuliza ni kulala Kihihi kabla jua halijazama na kuwauliza askari wa getini, si ramani.

Fedha hizo huenda wapi? Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya hifadhi kwa wananchi wa jirani. Uganda hutenga asilimia 20 ya viingilio, na juu yake dola 10 katika kila kibali cha gorila. Shule zimejengwa, wabeba mizigo wanapokezana zamu ili kila nyumba ipate. Hata hivyo Wabatwa, waliokuwa watu wa msitu wenyewe, walitolewa Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991 bila ardhi mbadala. Leo wengine wanawachezea watalii ngoma kando ya msitu wasioruhusiwa kuuingia. Mgeni akirudi na picha za gorila bila kujua hilo, mwongozaji wake hakumaliza kazi. Juni 2020 watalii walipokosekana, dume mashuhuri la Bwindi liitwalo Rafiki lilichomwa mkuki na mtu aliyekuwa akiwinda nguruwe pori; akahukumiwa miaka 11. Njaa ya kijiji na usalama wa gorila havijaachana.

Kwa mtu wa Nansio, jambo lenye uzito zaidi ni hili: fedha ya gorila, hata igawanywe kwa haki namna gani, inabaki milimani. Mgeni wa kampuni huenda Kigali, Kinigi kwa gorila, Kigali, ndege. Wale Wajerumani wawili kwa siku mbili walizokaa kwetu walimlipa fundi, wakala sato kwa mama lishe karibu na bandari, wakalala gesti, wakajaza dizeli, wakanunua machungwa kwa watoto barabarani, wakampa kijana wa bodaboda fedha za kuwapeleka Handebezyo kutazama visiwa. Wakataka kuona kaburi la mwandishi Aniceti Kitereza huko Kagunguli, kwa kuwa mume aliwahi kusoma kitabu chake kwa Kijerumani. Hakuna kampuni iliyopanga hayo. Hakuna iliyochukua kamisheni. Na hakuna aliyewaelekeza: kutoka Rugezi hadi mjini hawakuona kibao kimoja cha Bukindo yalipo makazi ya watemi, wala cha njia ya kwenda Ukara kuona jiwe linalocheza.

Siombi tujengewe hoteli kubwa. Naomba viza ya pamoja iivuke Kagera, kivuko kiwe na ratiba inayoandikwa na kufuatwa, na vibao vya barabarani viwepo. Kisiwa hiki kimepokea wasafiri tangu Stanley alipokuja mwaka 1875 kuomba mitumbwi kwa Mtemi Lukonge. Wanaokuja na magari yao wanakuja hivyohivyo, wakihitaji kuvushwa na kulishwa.

Upo upande mmoja wa jambo hili ambao huwa hatuuzungumzi kabisa, nao fundi ndiye aliyeuibua. Gari lilipoondoka alikaa juu ya tairi bovu, akaniuliza kama ile dola 800 ni kwa kila mtu duniani. Nikamwambia hapana. Mwana Afrika Mashariki Serengeti analipa shilingi 10,000 kabla ya kodi, wakati mgeni wa ng'ambo analipa dola 70 msimu wa juu. Kwa gorila Uganda inatutoza shilingi 300,000 za kwao, kama laki mbili na kitu za kwetu. Rwanda dola 200. Kuna basi la Mwanza hadi Kampala kupitia Bukoba, na jingine kutoka pale hadi Kabale. Unahitaji hati ya kusafiria na kadi ya homa ya manjano.

Fundi ana miaka 50 na zaidi. Anaweza kuitazama ghuba kila siku, Serengeti inaanzia upande wa pili wa maji yale, na hajawahi kumwona simba. Akaokota chaki anayowekea alama matundu ya tyubu, akaandika kwenye ukuta wa bati: 300. Akaandika nauli nilizomtajia, akaweka mstari chini, akajumlisha.

"Ni viraka vingapi hivyo, mwalimu?"

Tukapiga hesabu pamoja. Vilikuwa vingi, lakini si vya kutisha: mwaka mmoja wa kuweka kidogo kidogo. Akaniuliza kibali kinakatwa wapi. Nikamwambia ofisi iko Kampala, Kamwokya, na akate mapema, kwa kuwa kwa kikundi kimoja kwa siku moja wanaingia wanane tu. Akaandika na hilo: Kamwokya. Chaki bado ipo ukutani.